Fungu la Mbwa

Saa nne asubuhi, ukumbi wa manispaa, Jinja.
Feni moja inazunguka, ya pili imekufa tangu Pasaka.
Diwani Kagoda anasoma kipengele cha tisa,
miwani imeshuka hadi ncha ya pua:
"Kiwanja cha mbwa. Nalufenya. Uzio, bomba, vivuli.
Humo watafunguliwa, wakimbie watakavyo.
Shilingi milioni themanini na sita."
Kicheko kikaanzia viti vya nyuma,
kikaja mbele kama maji ya mfereji,
hata karani wa kumbukumbu akaweka kalamu chini.

Mimi sikucheka. Mimi ndiye mchanja mbwa.
Miaka kumi na mmoja nabeba kisanduku cha barafu
kwenye keria ya baiskeli, Masese, Walukuba, Mpumudde,
na kila mwaka chanjo huisha kabla ya mbwa.
Naujua mkono wa mtoto wa Naigaga:
meno manne, yamepangika kama shanga,
mama anaosha kwa sabuni ya kufulia,
ananiuliza sindano ziko wapi.
Ziko njiani, nikamwambia.
Njia hiyo ina urefu gani, mwulize Naigaga.

Basi nikasimama, ingawa sina kura.
Nikasema: mbwa wa Nalufenya ana daktari,
ana kijana wa kumtembeza jioni.
Mbwa wa Masese ana jina tu, anaitwa Wataona,
maana mwenyewe aligombana na jirani kuhusu mpaka,
na kila akimwita mbwa, jirani anasikia.
Huyo hajui kamba. Mtamfungulia nini?
Mitaro ni yake, jaa ni lake, usiku wote ni wake.
Alichokosa ni tone moja la dawa,
nanyi mnampa uzio wa kuchungulia.
Wakapiga meza. Nilifurahi, sikatai.

Ndipo akainuka Apolot, mwalimu mstaafu,
gauni la kitenge, kandambili,
manyoya ya mbwa yamemganda pindoni.
Nilimtarajia tajiri. Sikumwona.
"Mchanja," akasema, "umesema kweli, na kweli yako ni nusu.
Mnauliza kama fedha za umma zimfae mbwa.
Yule wa ghala la manispaa, pale nyuma,
nani alinunua mnyororo wake?"

Feni ikasikika.
Kagoda akageuza karatasi, akairudisha.
Kikao kikaahirishwa, chai ikaletwa, na mandazi.

Nilitoka bila kunywa.
Njiani nikapiga hesabu, mazoea ya maskini:
kiwanja kiwe Walukuba, seng'enge ya kawaida,
bomba moja, kigoda kimoja, na mimi na kisanduku changu;
Jumamosi moja kwa mwezi waje wote,
wa daktari na wa jaani,
nisiwafukuze tena mitaroni nikichanwa na miiba.
Milioni tisa. Kumi, kwa kuwa kuna watu.
Nilijiona mwerevu hadi nikafika ghalani.

Wandera, mlinzi, akanipa ufunguo bila swali.
Kitabuni ameandikwa hivi: *mbwa, mmoja*,
kati ya makoleo na mapipa ya lami.
Nimemchanja mara sita huyu,
mara sita nimeshika shingo yake
na sikuwahi kutazama chini.
Udongo umechimbika duara kamili,
kama mahali pa kupuria mtama,
nje ya duara nyasi, ndani hata chungu hana pa kujificha.

Nikafungua kufuli. Mnyororo ukaanguka.
Geti lilikuwa wazi, barabara ilikuwa wazi,
mbuzi wa mtu alikuwa akipita.

Akanusa mnyororo. Akaniangalia.
Kisha akaanza kuzunguka,
palepale, hatua zilezile,
na alipofika mwisho wa urefu ambao haukuwepo tena
akageuka.

Wandera akasema, "Mpe muda."
Nikaketi kwenye pipa la lami.
Kikao kinarudi saa nane.